Kuku mpole au kuku aliye macho: familia ichukue aina gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunataka kuanza na kuku wanane hapa nyumbani, kwa ajili ya mayai na pia watoto wapate kuwazoea. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine saba. Mchana kuku watakuwa huru uani, lakini mwewe hupita mara kwa mara na nguchiro tumeshawaona vichakani. Mtu mmoja amenishauri nichukue Silkie kwa kuwa ni wapole kupita kuku wote. Mwingine anasema bila Leghorn kuku wangu wote wataliwa, kwa sababu hao ndio wenye macho makali. Nimsikilize nani? Na je, jogoo ni lazima?

JIBU: Marahaba, mama. Wote wawili wamekuambia kweli. Silkie ni mpole na Leghorn yuko macho. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayeifaa hali uliyonieleza. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu ukishaelewa utaweza kuchagua mwenyewe hata kama aina nitakazotaja hazipatikani ulipo.

Tabia ya kuku ina pande tatu, na kila upande una njia yake: anavyomchukulia binadamu, anavyowachukulia kuku wenzake, na anavyomgundua adui. Angalia kuku wa mapigano kama kuchi, au Asil wa India. Wengi wao ukiwashika hutulia mikononi bila fujo, lakini wakutanishe majogoo wawili, au hata mitetea wawili wasiojuana, watachunana mpaka damu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hawa ni wapole", muulize: wapole kwa nani?

Uoga kwa binadamu ni jambo linalorithiwa, na hili limepimwa. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, mtafiti Per Jensen na wenzake walichukua kuku pori mwekundu, ambaye ndiye mzazi mkuu wa kuku wa kufugwa, wakawa wanazalisha katika kila kizazi wale waliomuogopa mtu kidogo kuliko wenzao. Vizazi vichache tu vilitosha kuleta ndege watulivu, tena wenye mwili mkubwa zaidi. Upole na uzito vilisogea pamoja. Ukizikagua aina tulizonazo leo utaona mwelekeo huohuo: Brahma, Cochin na Orpington, majitu yenye manyoya tele, ni watulivu, ilhali Leghorn, Ancona na Minorca, wenye asili ya nchi za Mediterania, ni wepesi wa mwili na wepesi wa kugutuka.

Leghorn basi. Anataga vizuri sana, mayai meupe, anakula kidogo, na kivuli kikipita tu ameshafika chini ya kichaka. Lakini anamkimbia mtoto wako vilevile anavyomkimbia mwewe. Mtoto wa miaka minne hukimbia, hupiga kelele na huangusha ndoo. Leghorn waliofungiwa wakishtuka kwa pamoja hujirundika kwenye kona, na walio chini wanaweza kukosa hewa wakafa. Wasiofungiwa hupaa juu ya ukuta au mti. Fayoumi wa Misri ni hivyohivyo, pengine kumzidi. Sisemi ni kuku wabaya, nawapenda sana kwa mfugaji mwenye eneo kubwa na utulivu. Ila mtoto anayetaka kumbeba kuku atavunjika moyo, na kuku naye atakuwa katika hofu siku zote.

Silkie ana shida iliyo kinyume. Manyoya yake hayashikani kama ya kuku wengine, yako kama sufi, hivyo hawezi kuruka na mvua ikimnyeshea hulowa mpaka kwenye ngozi. Kishungi chake kikikua huziba macho. Kuku wa kawaida ana macho ubavuni mwa kichwa na anaona karibu pande zote bila kugeuka. Silkie mwenye kishungi kikubwa anaona kipande tu cha mbele na chini. Mwewe akimjia kwa juu hana habari. Polish, yule mwenye kishungi kama mwavuli, yuko katika hatari hiyohiyo, na kwa kuwa haoni unavyomkaribia hushtuka ukimgusa, halafu watu wanasema ana wazimu. Hana wazimu, haoni. Tena kuku wenzake hupenda kukidonoa kishungi mpaka kinatoka damu.

Ninachokushauri ni aina za katikati: zenye uzito wa kutosha kuwa tulivu, uso ulio wazi, manyoya yaliyobana mwili, na hamu ya kutembea na kuchakura kutwa. Sussex ndiye chaguo langu la kwanza kwa nyumba yenye watoto wadogo. Ni mdadisi, atakufuata bustanini kuangalia unachimba nini, na udadisi huo ndio unaomfanya ainue kichwa kila baada ya muda. Kama mwewe ni wengi, yule mwenye madoadoa ya kahawia na meupe haonekani kirahisi kutoka juu kama yule mweupe. Plymouth Rock mwenye milia yuko karibu naye sana kitabia.

Wa tatu ni Australorp. Orpington mweusi alizalishwa Uingereza mwaka 1886 na William Cook. Wafugaji wa Australia wakamchukua wakawa wanachagua watagaji, kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1922 hadi 1923 mitetea sita wa Australia walitaga mayai 1,857 katika siku 365. Kilichobadilika si mayai peke yake. Manyoya yalibana na mwili ukapungua, hivyo Australorp amebaki na utulivu wa babu yake lakini anakimbia vizuri kuliko yeye. Orpington mwenyewe ni mpole mno, na mtoto atampenda, lakini ukimwona anakimbia na sketi yake ya manyoya utaelewa kwa nini simpendekezi mahali penye nguchiro.

Rhode Island Red ni mtagaji hodari na mwerevu, ila mitetea wake wengi ni wababe. Mtafiti Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza tangu miaka ya 1920 jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana, nani amdonoe nani bila kurudishiwa. Mchanganye Rhode Island Red na Silkie au Cochin, utajua mapema nani atakula mwisho.

Kwenye kundi lako la wanane ningeweka Sussex au Plymouth Rock wanne, Australorp wawili, na kuku wa kienyeji wawili. Hao wa kienyeji usiwadharau. Wanatoka kwenye mbegu iliyoishi miaka mingi bila uzio, ambapo asiyemwona mwewe hakuacha kizazi. Wawili hao hawatabebwa sana na watoto, lakini wakiinua shingo wale sita wengine watainua pia. Kuku wanasomana. Si lazima kila mmoja awe mlinzi. Muhimu wote wanane wawe wa umri mmoja na walelewe pamoja tangu vifaranga.

Sasa, jina la aina lisikudanganye. Ndani ya aina moja mbegu zinatofautiana sana, na Sussex wa mfugaji aliyechagua mayai peke yake anaweza kuwa mwoga kuliko Leghorn aliyelelewa mikononi. Nenda ukawaone wazazi, mchana, si jioni wakati kila kuku ameshapoa. Chuchumaa mlangoni pa banda, nyamaza, hesabu taratibu hadi mia moja. Mwanzoni wote watasogea mbali. Angalia wanaorudi: kuku unayemtaka anarudi kwa hatua fupi, shingo ameinyoosha, anakuangalia kwa jicho moja kisha kwa lingine. Anayekuja mbio bila kukuangalia labda amezoea kupewa chakula tu. Anayebaki amejibana kwenye kona mpaka unaondoka, mwache.

Kisha mshike mmoja mmoja, mikono miwili, mabawa yamebanwa mwilini. Mzuri atajitupa kidogo, halafu atatulia huku kichwa kikizunguka kuangalia mazingira. Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu kuku akilazwa chali akaganda kimya wao hudhani ni mpole. Kuganda ni hofu. Watafiti hutumia kipimo hichohicho kupima uoga: kadiri anavyochelewa kuinuka ndivyo alivyoogopa zaidi. Watoto nao wakiujua mchezo huo wa kumlaza kuku chali huurudia, na ni vizuri uwakataze mapema.

Kuhusu umacho, subiri ndege yeyote apite juu. Kuku aliye macho huinamisha kichwa upande mmoja ili jicho moja lielekee mbinguni, husimama hivyo sekunde chache, kisha anaendelea kuchakura. Asiyefanya hivyo hata mara moja katika nusu saa, hasa mwenye manyoya yaliyozidi usoni, hafai kwa uwanja wako.

Vifaranga wakishafika, wiki za mwanzo zina thamani kuliko fedha uliyotoa. Kila siku, mara kadhaa, mtoto akae chini karibu nao, mkono wenye chakula ukiwa sakafuni, si juu yao. Kitu kinachoshuka kutoka juu ni mwewe kwa kifaranga, hata kikiwa ni mkono wa mtoto mwenye upendo. Na baada ya kuwashika wanawe mikono kwa sabuni, wala wasiwabusu, maana kuku mwenye afya anaweza kubeba salmonela, vimelea vinavyoharisha watu.

Jogoo si lazima. Mitetea watataga bila yeye, na mara nyingi mtetea mmoja mwenye hadhi huchukua kazi ya kuangalia angani. Lakini sitamnyima sifa yake: jogoo mzuri ni mlinzi wa kweli. Ana milio miwili tofauti, nawe ukijifunza kuitofautisha utajua adui ametokea wapi. Hatari ya angani huitolea mlio mwembamba, mrefu kidogo, na mitetea hujibanza au kukimbilia chini ya kitu. Hatari ya ardhini huitolea mlio mkali unaokatikakatika, na hapo wote husimama wima shingo juu wakitafuta mnyama yuko wapi. Mtafiti Peter Marler na wenzake walionyesha kwamba jogoo aliyeona mwewe hulia zaidi akiwa na mitetea karibu kuliko akiwa peke yake.

Wasiwasi wangu ni yule mtoto wa miaka minne, kwa sababu uso wake uko usawa wa kipi, ule mwiba wa mguuni, cha jogoo anayeruka. Pora wengi ni wazuri mpaka wanapokaribia miezi mitano au sita, ndipo hulka halisi inapotokea. Dalili ya kwanza si shambulio. Ni kushusha bawa moja na kumzunguka mtu kwa ubavu, kama anavyomfanyia jogoo mwenzake. Ukiona hivyo akimfanyia mtoto, usisubiri, mwondoe, na mayai yake usiatamishe, kwani ukali huo hurithiwa na vifaranga wake. Mimi ningengoja mpaka mdogo afike miaka saba hivi, kisha nichukue pora aliyezaliwa na jogoo ambaye nimeingia bandani mwake mwenyewe akanipisha.

Hata kuku aliye macho namna gani anahitaji pa kukimbilia. Weka vichaka, meza ya zamani, au mbao zilizoegemezwa, kiasi kwamba kuku popote alipo awe na hatua chache tu mpaka kwenye kivuli. Uwanja mtupu humshinda hata Leghorn. Usiku umacho hauna kazi kabisa, kuku haoni gizani, hivyo mlango ufungwe kabla ya magharibi na matundu yazibwe kwa wavu imara ambao nguchiro hapenyi. Fito za kulalia za hao wazito ziwe chini, kama nusu mita kutoka sakafuni, wasije wakaumia nyayo kwa kuruka.

Na kama watoto wameshamwona Silkie wakampenda, usiwanyime. Chukua wawili au watatu, uwaweke kwenye uzio wao wenyewe uliofunikwa wavu juu na wenye sehemu kavu ya kujikinga mvua. Manyoya yanayozunguka macho yapunguzwe kwa mkasi wenye ncha butu kila yanapokua. Wataatamia kwa bidii, na ukihitaji vifaranga wa Sussex waliolelewa na mama, mpe Silkie mayai hayo.