Valvu ya nguruwe ilinipa watoto wawili na miaka 11

Wiki iliyopita binti mmoja wa Morogoro, ana miaka 26, aliniandikia: "Dada, daktari anataka nichague valvu ya moyo, ya chuma au ya mnyama. Wewe uliyepasuliwa mara mbili unasemaje?" Nikacheka kidogo, kisha hasira zikanirudia.

Mimi yaliniponza mafindofindo ya utotoni. Homa ya rumatiki ikala mlango wa moyo upande wa kushoto, ule wa mitrali. Mwaka 2009, nikiwa na miaka 23, nikapelekwa India. Nilitaka watoto. Ya chuma inadai wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, basi nikawekewa ya nguruwe. Uamuzi siujutii. Kinachoniuma ni kwamba niliruhusiwa na mfuko wa dawa, wala hakuna aliyenitamkia kwamba kitu hiki huchakaa. Mzee wa miaka 70 inaweza kumtosha hadi mwisho. Kwa kijana madini ya kalisi huigandia haraka zaidi, akifikisha miaka 10 hadi 15 ashukuru.

Yangu ilidumu 11. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu. Nikaanza kusimama kwenye ngazi, natoa simu, najifanya nasoma meseji huku nahema. Miezi minane nacheza mchezo huo! Eko, kile kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ya mwisho nilipima lini? Miaka minne nyuma. Hilo kosa ni langu.

Nikapasuliwa tena, safari hii Dar, nikawekewa ya chuma (tunaita chuma, kumbe ni kaboni ngumu). Usiku wa kwanza nyumbani mume wangu alishusha saa ya ukutani akatoa betri, tik-tik ikaendelea, kumbe ni valvu kifuani mwangu. Valvu hii huenda ikadumu hadi mwisho wa maisha yangu. Ila wafarini ni kila siku, INR yangu (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ikae kati ya 2.5 na 3.5, na mchicha, unaopunguza nguvu ya dawa, uwe kiasi kilekile, siyo leo sufuria zima, kesho hakuna. Ukiacha dawa, damu inaganda kwenye valvu. Diklofenaki ya dukani kisa mgongo, usithubutu, ukichanganya na wafarini unaweza kuvuja damu.

Kwa hiyo mdogo wangu, muulize daktari: kwa umri wangu itadumu miaka mingapi? Akikwepa, uliza tena. Ukiwekewa ya mnyama, eko kila mwaka, hata ukijiona mzima. Narudia, kila mwaka. Mimi kitindamimba wangu nilimbeba valvu ikiwa na miaka tisa, sijapima, nanunua nguo za mtoto Kariakoo kwa raha zangu.