Barua kwa mwanangu: kadi ya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nakujulisha kwamba sisi huku Mombasa hatujambo, ila baba yako na mguu wake kama unavyomjua. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza, katika zile bima mbili za kampuni za huko Nairobi, yenye kikomo cha uzazi, yaani kiasi cha juu watakacholipia, cha shilingi 100,000 na yenye kikomo cha 200,000, uchukue ipi kabla mimba haijatimiza miezi mitano. Nivumilie kwanza nami nikuulize: ukurasa wa mwisho umeusoma?

Bima husomwa kutoka nyuma. Mbele huwekwa picha ya mama anayecheka na mtoto wake, na nyuma ndiko yaliko yale wasiyoyalipia. Huko utakuta kipindi cha kusubiri, ambacho kwa uzazi aghalabu ni miezi kumi au hata mwaka mzima tangu siku ya kujiunga. Hesabu mwenyewe kwa vidole: ukijiunga leo, mtoto atakuwa anaketi bila kushikwa siku ambayo kampuni itakubali kulipia uzazi wako. Tazama pia mtoto anapokelewa tangu lini, kwa kuwa zipo bima zinazomkubali siku ya kwanza na zipo zinazomsubirisha, na mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hawezi kusubiri.

Najua utasema mama ameanza tena habari ya kadi ya bima ya baba yako. Kisa hicho unakijua juu juu, kwa sababu baba yako hukikatiza kila nikikianza. Ilikuwa mwaka 1993, na uchangiaji wa gharama, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya matibabu, uliokuwa umeanzishwa katika hospitali za serikali Desemba 1989 tulikuwa tumeshauzoea, nasi tulikuwa na amani kwa kuwa mshahara wa baba yako ulikatwa bima kila mwezi. Kaka yako alizaliwa kwa upasuaji usiku wa Ijumaa. Alhamisi iliyofuata daktari aliniruhusu kwenda nyumbani, karani akakataa. Jina lilikuwa sawa na kadi ilikuwa sawa, ila mwajiri alikuwa akikata pesa bila kuzipeleka, kwa miezi saba. Nililala wodini siku tisa zaidi, kitanda kimoja na mwenzangu wa Kwale aliyezuiliwa kama mimi, na kila siku niliyolala iliongezwa kwenye bili ile ile niliyoshindwa kuilipa. Mlinzi wa mlangoni, kijana wa rika la mdogo wangu, alinifuata hadi kwenye kamba ya kuanikia nepi, kana kwamba ningeruka ukuta na mshono wangu.

Baba yako akauza cherehani. Cherehani yangu, wala si baiskeli yake. Nimemsamehe, tena zamani, na naelewa kwamba baiskeli ndiyo iliyompeleka kazini. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kwa mwajiri yule yule aliyetula michango, ilhali cherehani ndiyo iliyotulisha kila tarehe 20 ilipopita na mshahara umekwisha. Basi, tuyaache.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha vikomo, uliza pesa zimefika wapi. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, imeshika nafasi ya NHIF, ule mfuko wa bima wa zamani, na ile Linda Mama ya zamani, mpango wa serikali wa uzazi, imeingizwa humo kwa jina la Linda Jamii. Mkwe wangu ameajiriwa, kwa hiyo hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wake unakuhusu wewe na mtoto pia, mradi umeandikishwa kuwa mtegemezi wake. Mwajiri anatakiwa kuupeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asiridhike na karatasi ya mshahara, maana hata baba yako alikuwa nayo. Aangalie katika akaunti yake ya SHA kama michango inaonekana, mwezi baada ya mwezi.

Hapo najipinga mwenyewe. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na hospitali ya binafsi uliyoitaja haitakufanyia upasuaji kwa kiasi hicho. Tofauti itatoka mfukoni mwenu. Pengine basi unahitaji bima ya pili. Lakini kama ni ya pili, kwa nini ununue ya peke yako inayokusubirisha, wakati bima za pamoja za makazini mara nyingi huondoa kipindi hicho? Mumeo aulize kazini kwake wiki hii, na jibu alipate kwa maandishi. Wakisema hawana, pesa ulizotaka kulipia kampuni zinaweza kukaa katika akaunti ambayo hamna ruhusa ya kuigusa hadi siku ya kujifungua. Kampuni watakwambia huo si mpango wa bima. Ni kweli, si bima, na mimba ikileta matatizo makubwa akiba hiyo itaisha kwa siku mbili. Ndiyo maana nasita.

Mimi ningekuwa wewe, ile ya 200,000 ninge... hapana, sisemi. Nyumba ni yenu, na mara ya mwisho nilipoamua jambo la nyumba yenu uliacha kunipigia simu tangu Rajabu hadi Ramadhani. Nipigie picha karatasi za bima zote mbili unitumie, ukianza na ukurasa wa mwisho. Baba yako amesoma barua hii juu ya bega langu, naye anasema baiskeli ilikuwa mbovu, isingepata mnunuzi.

Wako mama