Shangazi, mume wangu ananiletea sinema ya shida

"Shangazi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye. Juzi alileta filamu, eti ya mapenzi, kumbe ni fundi wa friji na mkewe mshonaji wanaojinyima wafungue duka. Hakuna maua, hakuna hoteli. Nikacheka, nikamwambia shida ninazo zangu. Tangu hapo amenuna. Je, amenichoka? Mama wa wawili, Nyalenda, Kisumu."

Pole, mwanangu. Nyumba ikinyamaza inauma. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili na kosa la mumeo silioni. Lako naliona.

Kwenye barua yako nzima, ambayo hapo juu nimeifupisha, kuna mambo uliyapitia mbio mbio, kama hayana maana. Kwamba ukifunga kibanda chako cha chipsi, saa tatu usiku unamkuta steji anakungoja, hata mvua ikinyesha. Kwamba watoto wakilala anafungua daftari kujiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Gredi ya Pili, na macho yamewiva kwa moto wa kuchomelea. Kwamba Februari, wenzako wakipewa maua, wewe uliletewa jiko aliloliunda kwa mikono yake, lina ukingo wa kuzuia upepo ili makaa yasikuishie. Ulilitaja ukilalamika! Mwanamume huyo anakupenda mchana kutwa, ila mdomo wake ni mzito.

Ndiyo maana akaleta filamu imsemee. Umenieleza mwenyewe aliisimamisha wapi: mke anatoa noti kwenye kopo la unga, zile za kununulia kitambaa, anazikunja na kuzitia mfukoni mwa shati la mumewe aliyelala. Hakuna muziki, hakuna neno. Mumeo akakugeukia. Wewe ukacheka.

Mimi filamu za aina hiyo nazipenda kuliko za majumba na magari. Mwigizaji hana pa kujificha. Asiposhika bisibisi kama mtu aliyeishika miaka kumi, fundi yeyote wa Kibuye atamkamata. Na tunaoamka alfajiri kutafuta riziki, ni lini tumeonyeshwa kwamba na sisi tunapendana?

Ndoa za siku hizi zinaliwa na simu. Msichana anaona keki ya mtu wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, haoni deni lililoinunua, halafu anarudi kumpima mumewe kwa keki hiyo. Nimewasuluhisha wengi, na kila mara mwenye kulalamika ndiye anayengojewa steji. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hajakuchoka. Umemvunja moyo, na kumwomba radhi ni juu yako.

Jumamosi funga kibanda mapema. Mwambie airudie ile filamu, kaa karibu naye, na ikifika pale pa kopo la unga, isimamishe wewe. Kisha muulize mtihani ni tarehe ngapi, na ada imebaki kiasi gani.