Muulize Bwana Shamba: Mdudu mweusi kwenye kabichi

SWALI: Bwana Shamba, salaam. Ninalima kabichi na sukuma wiki huku Lushoto. Kwenye majani yaliyojaa wadudu mafuta nimekuta wadudu weusi wenye miguu sita, warefu kama punje ya mchele, wenye mabaka ya rangi ya chungwa mgongoni. Jirani yangu anasema hao ndio wanaokunja majani, na ananihimiza nipulizie dawa kabla hawajaenea. Nifanye hivyo?
Mama mkulima, Lushoto

JIBU: Usipulizie, mama. Huyo ni mtoto wa mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa manjano mwenye madoa meusi, ambaye nina hakika ungemkuta mwenyewe juu ya jani usingemdhuru. Makosa kama haya ni ya kawaida, kwani mtoto na mzazi hawafanani hata kidogo, na mtoto hufanana zaidi na mamba mdogo kuliko na mama yake. Wanaokunja majani yako ni hao wadudu mafuta, yaani vidukari, kwa kufyonza utomvu wake. Mtoto wa kibibi amefuata chakula.

Geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona mayai ya manjano yamesimama wima kwa kishada, karibu kabisa na kundi la vidukari, ujue kibibi ndiye aliyeyataga hapo makusudi. Kukiwa na joto huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5, na mlo wa kwanza wa kitoto huwa ni ganda lake mwenyewe, au hata yai la ndugu yake aliyechelewa kuanguliwa. Kisha hula vidukari kwa muda wa wiki 2 au 3, akijivua ngozi kila inapombana, hadi atakapojibandika kwenye jani na kuwa bundo lisilotembea wala kula. Bundo hilo wengi hulibandua wakidhani ni ugonjwa wa jani, tafadhali liache. Baada ya wiki moja hivi hutoka kibibi wa manjano hafifu, mwenye mbawa laini zisizo na doa hata moja, na rangi yake hukolea saa chache baadaye. Kwenye baridi ya milimani kwenu hatua zote hizi huchukua muda mrefu zaidi.

Kibibi mzima anaweza kula vidukari 50 kwa siku, na mtoto mmoja humaliza mamia kabla hajawa bundo. Ukipulizia dawa inayoua kila mdudu, vidukari wachache watakaobaki watajaza shamba upesi, kwa kuwa majike yao huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, ilhali kibibi anahitaji takriban mwezi mzima kutoka yai hadi utu uzima. Jambo la kufanya ni kuwazuia sisimizi wasipande kwenye miche, maana wao hulinda vidukari kwa ajili ya maji matamu wanayotoa, na humfukuza kibibi anapokaribia.

SWALI: Mbona mimi nimewaona vibibi wakila majani ya mnavu na matango?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Umeona sawasawa. Duniani kuna aina zipatazo 6,000 za vibibi, na nyingi hula wadudu wengine. Baadhi hula utitiri, na baadhi hula ule ukungu mweupe wa majani. Lakini lipo kundi dogo, la akina Epilachna, linalokula mimea. Watofautishe hivi: kibibi mla mimea hang'ai, kwa sababu mgongo wake umefunikwa na vinyweleo vifupi, na mtoto wake ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi. Hukwangua nyama ya jani na kuacha mishipa kama wavu. Hao waokote kwa mkono asubuhi, pamoja na mayai yao, kabla hawajawa wengi.

SWALI: Mwanangu anauliza kama madoa ya kibibi ni idadi ya miaka yake, na kwa nini alipomshika alimwachia maji ya manjano yenye harufu mbaya.
Baba wa mtoto mdadisi, Mombasa

JIBU: Madoa hayahesabu miaka. Kibibi akishakuwa mzima haongezi doa, na wengi huishi miezi tu. Yale maji ni damu yake, ambayo huitoa kwenye viungo vya miguu anapotishwa. Ni chungu sana, hivi kwamba ndege aliyeionja mara moja hujifunza kuiepuka rangi yake nyekundu. Haimdhuru mtoto akinawa mikono. Amweke tena juu ya jani lenye vidukari na amtazame anavyokamata wa kwanza.