Muulize Fundi: Kusheni za meza ya zamani zimekufa, nibandike tairi?

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Marehemu amu yangu ameniachia meza ya puli ya kizamani, ilikuwa kwenye klabu moja hapa Mombasa enzi hizo, ina miguu minene ya kuchonga na jiwe chini ya kitambaa, mbao zake wallahi raha kuziangalia. Shida ni kusheni, zile raba za ukingoni. Boli ikigonga pembeni inatoa "du" halafu inakaa hapohapo, hairudi. Seremala mmoja wa Kongowea aniambia ning'oe raba zote tubandike vipande vya tairi, ama ninunue kusheni za meza mpya tugundishe tu. Nishike lipi? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu, Mola amrehemu amu. Tairi hapana, hilo tulimalize mapema. Raba ya tairi imetengenezwa ivumilie barabara, haina ule mrudisho wa kusheni, na umbo lake utalichonga mpaka lini?

Kabla hujang'oa chochote ingia chini ya meza na spana. Mbao za pembeni hushikwa na bolti, na bolti zikilegea ile "du" unaisikia hata kama raba ni nzima. Hapa kwetu upepo wa bahari hauachi chuma, kwa hivyo ukikuta zimeshika kutu tia mafuta ya kulegeza na uziache zilale, usipige nyundo maana jiwe likipasuka basi. Ukishakaza halafu bado iko vilevile, bonyeza kusheni na kidole gumba mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa ngumu kama ubao raba imekufa, miaka na joto huifanya hivyo. (Wazungu kwao taabu ilikuwa ya baridi, kabla yule Mmarekani Charles Goodyear hajagundua mwaka 1839 njia ya kuipika raba na salfa, kusheni zikigandishwa na baridi walikuwa wakizipasha na vyombo vya maji moto!)

Sasa hizo kusheni za meza mpya, hapo ndipo watu wanapoharibu meza za watu. Ubao wa zamani ulikatwa kwa ajili ya raba yake. Meza za puli za kisasa nyingi hutumia umbo la K-66 ambalo ni kama pembetatu, meza za Kiingereza za snuka na biliadi zina kusheni ya umbo la herufi L, na zile za zamani za kampuni ya Brunswick ya Marekani zilikuwa na kusheni za Monarch ambazo ni mambo mengine kabisa. Kata kipande kidogo cha raba iliyoko kwenye meza yako, kiweke juu ya karatasi, chora umbo lake, uagize kwa mchoro huo. Ukikosa ya umbo lile ndio unamwita yule seremala wako, arande ubao au aongeze kipande mpaka raba mpya ikae kwa kimo chake, hiyo ndio kazi yake na ataiweza kuliko tairi.

Kimo ndio kila kitu. Pima kutoka juu ya jiwe mpaka ile pua ya kusheni inapogusa boli. Kanuni za puli za dunia zinataka asilimia 63.5 ya upana wa boli, ikizidi au ikipungua isipite asilimia 1, kwa hivyo boli ya milimita 57 yataka kama milimita 36. Pua ikiwa chini sana boli itaruka, ikiwa juu sana inaibana boli chini kwenye kitambaa na mwendo unakufa. Meza yako ikiwa ya boli ndogo za Kiingereza usichukue hiyo 36, pima boli zako.

Kubandika si kugumu ila kwataka subira. Andika namba kila ubao, kile kijibao chembamba kinachobana kitambaa kwenye mfereji kitoe taratibu na ukihifadhi, kwangua gundi ya zamani mpaka uone mti bila kuulowesha maji. Paka gundi ya mafundi viatu pande zote mbili, ubao na raba, ngoja isishike kidole, halafu laza raba kuanzia upande mmoja bila kuivuta, ukiivuta itataka kurudi na itabanduka pembeni. Acha izidi kidogo pande zote, ukate kesho yake kwa kufuata pembe ya mfuko.

Ukishafunga kila kitu piga boli kwa nguvu ipite katikati kwa urefu wa meza, fimbo ikiwa imelala sawa. Itembee urefu wa meza angalau mara 4 hadi 4 na nusu bila kuruka. Ikiruka rudi kwenye kimo, raba usiiguse kwanza.