Maswali Yenu: Chembe za Nano, Mionzi na Kansa

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wanaouguza. Nayajibu kwa kadiri ya uzito wake.

Mama yangu amepangiwa sitiskani (CT scan) ya tumbo, na atadungwa dawa ya kung'arisha picha. Ana sukari. Je, hizo ndizo chembe za nano? Na mionzi itabaki mwilini? (Dada, Kisauni)

Hapana kwa yote mawili. Dawa hiyo kwa kawaida ni ya iodini iliyoyeyuka, si chembe za nano, yaani vipunje vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Iodini huzuia eksirei, ndipo mishipa ikaonekana myeupe kwenye picha, kisha figo huitoa kwa mkojo. Mionzi nayo hukatika mashine inapozimwa. Sitiskani ya tumbo huwa kama milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 8 hadi 10, ilhali kila mtu duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na chakulani (walio karibu na kilima cha Mrima kule Kwale hupata zaidi, maana udongo wa pale una thoriamu). Si kiasi cha kupuuza, wala si sababu ya kukimbia kipimo kitakachoonyesha ugonjwa umefika wapi.

Linalonishughulisha zaidi ni hiyo sukari. Kabla ya sindano, waambieni wahudumu kwamba mama ana sukari, mtaje kama anameza metformini, dawa ya sukari, na muulize kama figo zake zimepimwa. Msingoje kuulizwa.

Nimesikia dhahabu inaua kansa. Ni kweli? Kama ni kweli, kwa nini ndugu yangu anaendelea kuteswa na miale? (Msomaji, Likoni)

Pole kwa kuuguza, ndugu. Habari hiyo ina mzizi wa kweli, lakini imekatwa nusu njiani.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani waliwadunga panya wenye uvimbe wa matiti chembe za dhahabu za nanomita 1.9, kisha wakawapiga eksirei. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 86 ya panya hao walikuwa hai. Waliopata eksirei peke yake walibaki asilimia 20. Waliopata dhahabu bila eksirei hawakubaki hata mmoja. Tafadhali isome tena hiyo sentensi ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoachwa na wanaosambaza habari hii. Dhahabu haikuua kansa. Atomu zake nzito zilinasa eksirei nyingi kuliko nyama ya mwili, zikarusha elektroni zinazokata DNA ya seli zilizo jirani. Bila miale hakuna kazi.

Kwa binadamu, iliyotangulia zaidi ni hafni, metali nyingine nzito. Chembe za oksidi yake hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, halafu mgonjwa anapata tibamionzi. Katika jaribio la kansa za nyama laini lililochapishwa 2019, uvimbe ulikufa karibu wote kwa asilimia 16 ya waliopata chembe, dhidi ya asilimia 8 ya waliopata mionzi tu. Ni hatua nzuri, lakini si muujiza.

Na kwa nini wasidunge kwenye mshipa tu? Ini na bandama hukamata chembe nyingi zikiwa njiani. Uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, uliotoka 2016, ulikuta kwamba kwa kawaida hata asilimia 1 ya dozi haifiki kwenye uvimbe. Kwa hiyo ndugu yako asikatishe miale yake. Dozi imegawanywa siku baada ya siku ili seli nzima zipate nafasi ya kujitengeneza, na kuruka siku kunaipa kansa nafasi hiyo hiyo.

Kuna mtu anauza "maji ya nano" ya fedha, anasema yanasafisha uvimbe. (Bi, Majengo)

Usinunue, Bi. Hayatibu kansa. Fedha ikinywewa kwa muda hujikusanya kwenye ngozi na kuigeuza rangi ya kijivu, na rangi hiyo haitoki. Hasara kubwa zaidi ni miezi inayopotea, uvimbe ukikua.

Baba akitoka kwenye tibamionzi, anaweza kuwapakata wajukuu? (Changamwe)

Kama ni miale ya mashine, awapakate siku hiyo hiyo. Kama amepewa iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo, hiyo ni habari nyingine: hubaki mwilini kwa siku kadhaa, na hospitali itamwambia akae mbali na watoto na wajawazito kwa muda gani.

Nimebadilishiwa ile dripu nyekundu, sasa ninapewa ya "mafuta". Viganja na nyayo zinawaka. Na nina harusi, naweza kupaka hina? (Dada, Mji wa Kale)

Wewe, dada, ndiye unayetumia nano hasa. Ni doksorubisini, dawa ile ile ya kansa iliyokuwa kwenye dripu nyekundu, imefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Marekani iliidhinisha aina hiyo mwaka 1995. Faida yake ni kwamba moyo hauumii sana. Adha yake ni hiyo ya viganja na nyayo. Mwambie daktari sasa, kabla ngozi haijabambuka, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa au kuahirishwa. Maji ya moto, viatu vya kubana na kusugua miguu, viache. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, usiiguse kabisa, ina kemikali za kuunguza ngozi. Hina halisi ya majani iulizie kliniki kwanza, na kama ngozi imeshapasuka, harusi hii nenda na mikono mitupu.