Video ya Harusi Inatoa Sauti Bila Picha

SWALI: Ndugu Mhariri, video ya harusi ya mdogo wangu, iliyofanyika Mikindani, inatoa sauti tu kwenye kompyuta yangu, na kubadilisha jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4 hakukusaidia. Nifanyeje? Msomaji, Mtwara.

JIBU: Ndugu msomaji, ulichofanya ni kubandika lebo mpya kwenye gunia la korosho, kilichomo hakijabadilika. Yaelekea picha zimebanwa kwa kodeki (mbinu ya kubana na kufungua video) ya H.265, inayotumiwa na simu nyingi za kisasa, ambayo programu yako haiitambui. Rudisha jina la awali, kisha ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video: ikionyesha picha, faili halina hitilafu. Ndipo uigeuze kwa HandBrake, programu isiyolipiwa, ukichagua MP4 na H.264, kodeki inayotambuliwa na programu nyingi zaidi. Tafadhali usiifute video ya awali kabla hujaitazama nakala mpya mpaka mwisho.